Alama ya kuuliza katika Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi niipitie kabla hajaituma. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, adabu imo, tarehe na anwani zimekaa mahali pake. Lakini sentensi ya kwanza ilisomeka hivi: "I am writing to ask if there is any vacancy in your company?" Na ya mwisho: "Can you please let me know when I may come for an interview." Alama ya kuuliza ilikaa pasipostahili, na pale ilipostahili haikuwepo.

Nimehariri maandishi ya Kiingereza ya wenzangu wanaozungumza Kiswahili kwa miaka mingi, na makosa haya mawili nimekutana nayo mara nyingi kuliko makosa ya tahajia. Hayatokani na uvivu. Yanatokana na lugha yetu. Katika Kiswahili, "Umekula." na "Umekula?" ni neno lile lile, herufi kwa herufi. Kinachotenganisha habari na swali ni sauti mdomoni, na kwenye karatasi ni ile alama peke yake. Kwa hiyo tumezoea kuiweka popote tunaposikia kuulizauliza. Kiingereza hakiendi hivyo. Chenyewe hupanga upya maneno kwanza: "You have eaten" inageuka "Have you eaten", kisha alama inakuja kufunga kazi ambayo maneno yameshaifanya. Mwenye kuelewa tofauti hii ameshapita nusu ya safari.

Hatua ya kwanza: yajue majina yake

Kwetu tunaiita alama ya kuuliza. Vitabu vya shule hutumia pia kiulizo au kiulizi. Kwa Kiingereza jina la kila siku ni "question mark". Litamke kwa "ch" katikati: kwes-chen. Wengi wetu husema "kwesheni" na tunaeleweka, ila ukiwa unaiamuru simu ikuandikie kwa sauti, ni vizuri neno litoke wazi, maana ndilo hasa utakalolitamka ili alama itokee kwenye kioo.

Jina hili lilienea katika karne ya 19. Kabla yake, vitabu vya sarufi vya Uingereza viliiita "note of interrogation", na vile vya Marekani vilipenda "interrogation point". Ukikuta majina hayo katika kitabu cha zamani, usihangaike kutafuta alama nyingine, ni hii hii. Lipo pia "eroteme", lililotoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya swali. Ni jina la wapenda maneno, na ukilitumia kwenye usaili hakuna atakayekuelewa. Wahariri na wachapaji wana "query": wakiandika alama ya kuuliza pembeni ya ukurasa, maana yake ni "mwandishi, hapa una hakika?"

Halafu jina lenyewe limekuwa msemo. Gazeti la Kiingereza likiandika "There is a question mark over his future", halizungumzii uandishi hata kidogo. Linasema mustakabali wa mtu huyo una shaka. Msemo huu utaukuta kila siku kwenye kurasa za michezo na siasa. Hata kipepeo mmoja wa Amerika Kaskazini anaitwa Question Mark, kwa sababu ya kialama cha rangi ya fedha kilichojikunja upande wa chini wa bawa lake la nyuma.

Hatua ya pili: ijue asili yake, kwa ufupi

Katika hati za Kilatini za karne ya 8, enzi za Charlemagne, mfalme wa Wafranki, inaonekana nukta yenye mkwaruzo wa mawimbi unaopanda kuelekea kulia. Wengi huihusisha na Alcuin, msomi wa kutoka York, Uingereza, aliyekuwa mshauri wa mfalme huyo. Ule mkwaruzo ulimwonyesha msomaji apandishe sauti, kwa kuwa maandishi wakati huo yalisomwa kwa sauti mbele ya watu. Baadaye mkwaruzo ukasimama wima juu ya nukta yake, na wachapaji wakalizoea umbo tunalolijua. Simulizi kwamba ni mkia wa paka wa Misri ni ya kuburudisha tu.

Hapa kuna jambo ninalolipenda. Mwaka 1754 Chuo cha Lugha cha Hispania kiliamua kwamba swali la Kihispania lianze na alama iliyopinduliwa, ¿, ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba anaingia kwenye swali. Sisi tuna "je". "Je, mzigo uliotumwa wiki iliyopita kutoka Mombasa umefika?" Msomaji ameshaonywa kabla hajafika mwisho. Kiingereza hakina "je" wala ¿, kazi hiyo hufanywa na kitenzi kisaidizi kinachotangulia: "Has the parcel arrived?" Ile "Has" ndiyo "je" yao. Ukitafsiri swali lenye "je", usitafute neno la kuweka mahali pake. Sogeza kitenzi kisaidizi mbele, na kama hakipo, lete "do", "does" au "did".

Hatua ya tatu: tafuta kishazi kikuu

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ukikosa muda wa kusoma zote, isome hii. Kabla hujaweka alama, jiulize: sentensi hii nzima inauliza, au inasimulia kwamba kuna kuuliza?

Itazame tena sentensi ya yule kijana: "I am writing to ask if there is any vacancy". Kishazi kikuu, yaani sehemu inayobeba ujumbe mkuu wa sentensi, ni "I am writing". Anaeleza anachofanya. Swali limo ndani, lakini limemezwa na taarifa, kwa hiyo mwisho ni nukta. Ndivyo ilivyo kwa zote hizi:

"She asked where I lived."
"I don't know whether the bank is open."
"Ask him why he is late."
"The question of who will pay is still open."

Ya tatu ni amri na ya nne ni taarifa iliyobeba neno "question" ndani yake, hata hivyo haziulizi. Kuwepo kwa "where", "why", "who" au hata neno "question" lenyewe hakuleti alama.

Sasa geuza upande wa pili: "Do you know where he lives?" Kishazi kikuu ni "Do you know", na hicho kinauliza. Alama inahitajika, ingawa sehemu ya mwisho imepangwa kama taarifa. Zingatia mpangilio huo: ni "where he lives", si "where does he live". Kupindua maneno kunafanyika mara moja tu, kwenye kishazi kikuu. Sentensi kama "Can you tell me where is the station?" imepindua mara mbili, nasi tunaiandika sana kwa sababu tunafikiri "Unaweza kuniambia stesheni iko wapi?" na kila kipande tunakisikia kama swali. Sahihi ni "Can you tell me where the station is?"

Usemi wa taarifa una mtego wake. "Are you tired?" ukiusimulia huwa "He asked me if I was tired." Angalia mabadiliko matatu hasa: maneno yamerudi kwenye mpangilio wa kawaida, wakati umerudi nyuma, na alama imeondoka. Sisi katika Kiswahili tunasema "Aliniuliza kama nimechoka", na wengi huongeza alama mwishoni hata hapo. Ukiweza kujizuia kwenye Kiswahili chako pia, mkono utazoea.

"I wonder" huwachanganya hata Waingereza wenyewe. "I wonder who called." Nukta. "I was wondering if you could help me." Nukta pia, japokuwa moyoni ni ombi. Lakini ukikata kwa mkato ukaanza swali kamili, alama inarudi: "I wonder, did he call?" Vivyo hivyo "The question is, who will pay?" na "Tell me, why did you come?" Baada ya mkato, swali limesimama kwa miguu yake lenyewe.

Kosa la pili la kijana, la kusahau alama, hutokea swali linapokuwa na mkia mrefu. "Can you send me the invoice for the tyres we bought in March so that I can close the books before Friday" inaanza kuuliza, halafu inapita kwenye tairi, mwezi wa Machi, vitabu vya hesabu na Ijumaa. Hadi mwandishi anafika mwisho, ameshasahau kwamba aliuliza, anaweka nukta. Dawa yake ni rahisi: ukifika mwisho wa sentensi, rudisha jicho kwenye maneno mawili ya mwanzo. Yakiwa "Can you", "Do they", "Is it", "Where did", weka alama. Na kama mkia ni mrefu kupita kiasi, vunja sentensi iwe mbili.

Hatua ya nne: maswali yasiyopinduliwa, na mikia

Kiingereza nacho kina njia ya kuuliza kama yetu, bila kugusa mpangilio: "You're leaving?" "He paid in cash?" Hapa alama inabeba swali zima, kama kwenye "Umekula?" Lakini maana si ile ile. "Are you leaving?" ni swali la kawaida. "You're leaving?" ni la mtu aliyeona begi mlangoni na sasa anashangaa au anataka uhakika. Ukiitumia kwa kila swali, msomaji atadhani umeshtuka kila mara.

Neno moja pia linatosha: "Why?" "Sugar?" "When?" Na maswali mafupi yanaweza kufuatana: "Who is coming? Your mother? Your brother?" Kila moja na alama yake.

Kisha kuna mikia, yaani swali fupi linalofungwa mwishoni mwa taarifa. Sisi tuna mmoja unaotosha kwa kila kitu: "Unakuja, sivyo?" "Hajala, sivyo?" "Walifika, sivyo?" Ndiyo maana Kiingereza cha Afrika Mashariki kimeufanya "isn't it?" kuwa mkia wa kila sentensi. Mtaani unaeleweka vizuri, ila kwenye mtihani au barua rasmi utahesabiwa kosa. Fanya hivi: chukua kitenzi kisaidizi cha sentensi, kigeuze kutoka kukubali kwenda kukana au kinyume chake, kisha weka kiwakilishi. "You are coming, aren't you?" "She hasn't eaten, has she?" "You can't swim, can you?" Kama hakuna kisaidizi, tumia "do" kwa umbo linalofaa: "She works in Mombasa, doesn't she?" "They arrived, didn't they?" Miwili haifuati kanuni, ikariri tu: "I'm late, aren't I?" na "Let's go, shall we?"

Mkato hutangulia mkia, na alama huja mwisho, iwe sauti yako inapanda kwa kuuliza kweli au inashuka kwa kutaka tu mtu akubali. Hilo linathibitisha jambo jingine: alama ya leo haimaanishi "pandisha sauti", kama ilivyokuwa kwa wale waandishi wa karne ya 8. Kwa kawaida "Where do you live?" sauti yake hushuka mwishoni, na alama ipo.

Hapa hapa niseme kuhusu majibu, kwa kuwa nimeona watu wakigombana dukani kwa jambo hili. "Huna chenji?" Sisi hujibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sina. Kiingereza hukubaliana na hali yenyewe, si na muulizaji: "Don't you have change?" "No, I don't." Ukijibu "Yes", mwenzako atasubiri umpe chenji.

Hatua ya tano: alama za mtajo

Kanuni ni moja, na kwa bahati nzuri Waingereza na Wamarekani wanakubaliana: alama hukaa na mwenye swali. Kama maneno yaliyonukuliwa ndiyo yanayouliza, iweke ndani:

She asked, "Are you tired?"

Kama unayeuliza ni wewe, na aliyenukuliwa alitoa taarifa tu, iweke nje:

Did she say "I'm tired"?

Na kama nyote mnauliza, moja inatosha, ndani:

Did she ask "Are you tired?"

Usiongeze nukta wala mkato baada yake. Mtajo ukitangulia, alama inachukua nafasi ya mkato, na neno linalofuata huanza kwa herufi ndogo: "Where are you going?" she asked. Hapa chunga simu na kompyuta yako. Programu nyingi zikiona alama ya kuuliza hudhani sentensi imekwisha, zikaigeuza "she" kuwa "She" bila kukuuliza. Irudishe.

Ipo nukta moja inayoruhusiwa kukaa kando ya alama, ile ya kufupisha: "Is the meeting at 3 p.m.?" Nukta ya "p.m." ni sehemu ya neno, haiondoki.

Hatua ya sita: maombi ya adabu

"Would you please close the door" ni amri iliyovaa kanzu ya swali. Baadhi ya miongozo ya uandishi inaruhusu nukta, kwa hoja kwamba hutarajii jibu bali tendo. Ushauri wangu ni kuweka alama, hasa ukimwandikia mtu usiyemjua. "Could you send me the form?" inamwachia mwenzako nafasi ya kukataa. Ukiweka nukta, ombi linasikika kama agizo la bosi. Kinyume chake, "Kindly send me the form." ni amri ya adabu tangu mwanzo na haipokei alama kamwe. "Kindly assist?" na "Please advise?" ninaziona kila siku katika barua pepe zetu. Ondoa alama, au geuza iwe swali kamili: "Could you advise me?"

Hatua ya saba: nafasi, idadi na kibodi

Katika Kiingereza, kama ilivyo katika Kiswahili, alama hubanwa kwenye neno la mwisho, kisha nafasi moja baada yake. Wafaransa huacha nafasi kabla, na aliyesoma kwa Kifaransa, Bujumbura au Lubumbashi, huja na mazoea hayo. Ukiacha nafasi, kompyuta inaweza kuitupa alama peke yake mwanzoni mwa mstari unaofuata, inaonekana kama imepotea njia. Kwenye kibodi nyingi iko pamoja na mkwaju (/). Bonyeza Shift kwanza.

Idadi ni moja. "???" inasikika kama kelele kwa msomaji wa Kiingereza rasmi. Na ujumbe wenye "?" pekee, uliotumwa kwa sababu mwenzako amechelewa kujibu, kwa wengi ni karipio. Bora uandike "Any news?"

Mwaka 1962 Mmarekani Martin K. Speckter, mtu wa matangazo ya biashara, alipendekeza kuunganisha swali na mshangao katika alama moja, ‽, akaiita "interrobang". Kompyuta inaijua, lakini kwenye barua yako isiingie. Kabla yake, katika miaka ya 1580, mchapaji wa London Henry Denham alitumia alama ya kuuliza iliyogeuzwa nyuma kwa maswali yasiyosubiri jibu. Haikudumu. Leo swali la balagha, kama "Who doesn't love mangoes?", linapokea alama ya kawaida.

Hatua ya nane: kazi zake nje ya swali

Ikiwa karibu na tarehe, iwe kwenye mabano au bila mabano, inamaanisha mwandishi hana hakika. Mwaka wa kuzaliwa wa mshairi Geoffrey Chaucer haujulikani sawasawa, ndiyo maana utaona imeandikwa 1343?–1400. Ni njia ya uaminifu, itumie kwa tarehe na takwimu. Usiitumie kumkejeli mtu kwa kuiweka pembeni ya sifa yake.

Katika maandishi ya mchezo wa sataranji, ? ni kete iliyochezwa vibaya, na ?? ni kosa kubwa. Wanaisimu huiweka mwanzoni mwa sentensi inayotia shaka kisarufi. Katika anwani za tovuti, hufungua sehemu inayobeba maelezo ya unachotafuta, kwa hiyo usiifute unaponakili kiungo. Na faili ya Windows haikubali jina lenye alama hii hata kidogo.

Jipime

Chukua sentensi tano uziwekee mwisho wake: "He wants to know if you have a passport" / "If the bus is late, will you wait" / "Could you ask her what time the shop closes" / "You didn't call him, did you" / "Why he left is not my business".

Ya kwanza ni nukta, kishazi kikuu ni "He wants to know". Ya pili ni alama, kwa kuwa "will you wait" ndicho kishazi kikuu japo kimekuja mwisho. Ya tatu ni alama kwa sababu ya "Could you", na angalia "what time the shop closes" haikupinduliwa. Ya nne ina mkia, kwa hiyo alama. Ya tano ndiyo inayowaangusha wengi, maana inaanza na "Why". Lakini hapo "Why he left" ni kiima tu, "is" ndicho kitenzi kikuu, na sentensi nzima inatoa taarifa. Weka nukta.